Trei za Karani wa Stoo

Kabla ya kutoa hukumu, Karani wa stoo alivua kwanza kiatu cha kulia. Alikivua polepole, akakunja soksi na kuitia ndani ya kiatu, akapandisha suruali ya kaki mpaka katikati ya muundi, kisha akaukanyaga mchanga wa trei ya paka kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Alisimama hivyo, mguu mmoja ndani ya trei na mwingine ndani ya kiatu, macho yakitazama mabati ya dari. Wapakiaji walipita na masanduku mabegani wakimcheka. Hakujali. Mguu ulipomaliza kufikiri alisema, "Hii iko sawa," au, "Hii hapana, inachoma," na hakuna aliyembishia, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuvua kiatu.

Ukoo wake siujui na sikuuliza. Alitoka milima ya Maragoli kama wengi waliokuja Kericho kutafuta kazi ya chai, alikuwa Mkristo wa kuimba kwa sauti ya chini, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa meneja. Jina lake lilikuwa kwenye kadi ya kazi, huko likakaa. Sisi tulimwita Karani, na tulipotaka kumsifu tulimwita Karani wa Stoo, yote kwa ukamilifu. Nilifanya kazi kiwanda kimoja naye miaka tisa, mimi kwenye chumba cha kuchekecha, yeye upande wa pili wa ukuta, na nasema bila kuogopa kwamba sijaona mtu mwingine aliyejua jambo dogo vile kwa kina vile.

Asiyekaa karibu na kiwanda cha chai hudhani chai ni majani tu. Chai iliyokauka ina tamaa. Hunusa kila kitu kilicho karibu na kukimeza. Weka kitunguu chumba kimoja nayo, na wiki ijayo utakunywa kitunguu. Mpakiaji mmoja alipata kuja kazini na mafuta ya nywele yenye harufu kali, wakamrudisha nyumbani kuoga. Sasa stoo yetu ilikuwa na masanduku ya mbao, karatasi za kuyavalisha ndani, gundi, magunia, na mahindi ya posho ya wafanyakazi, na yote hayo panya anayapenda. Sumu haikuruhusiwa karibu na chai. Kwa hiyo palikuwa na paka wanne, na hapo ndipo ugumu ulipoanza, maana harufu ya mkojo wa paka kila mtu anaijua. Chai haikuweza kukaa bila paka, na haikuweza kukaa na paka. Katikati ya mambo hayo mawili alisimama Karani na trei zake.

Hakuwapa paka majina. Sisi wafanyakazi tuliitwa kwa namba, basi na wao akawapa namba, kutoka Namba Moja, jike la madoa lenye sikio lililochanika, mpaka Namba Nne. "Huyu ni mfanyakazi," aliniambia. "Mfanyakazi hapewi jina ya kubembeleza." Na nyumbani kwake kwenye laini, safu za nyumba za wafanyakazi, paka hakuingia hata mara moja. Mkewe aliomba paka wa kukamata panya wa jikoni, akaambiwa akanunue mtego. Paka wa stoo ni wa stoo, na karani hawezi kulala chumba kimoja na watu wa kazi. Hayo aliyasema na uso mkavu kabisa.

Kuhusu kitu cha kutia ndani ya trei alikuwa amejaribu kila kilichopatikana kati ya mto na barabara ya lami. Unga wa mbao kutoka kwa fundi wa masanduku aliukataa, kwa sababu mbao za mikaratusi na misaipresi zina harufu yao, na chai ingeimeza. Majivu ya boila yalikuwa mengi na ya bure, tena yanaua harufu vizuri, lakini paka akitoka humo anaacha nyayo nyeupe juu ya kila sanduku kama ameajiriwa kupiga mihuri. Udongo wetu mwekundu ulifanya matope. Mwishoni alishika mchanga wa mto, ulioshwa mara tatu, ukakaushwa juu ya bati karibu na boila, ukapitishwa kwenye chekeche kuukuu ya kiwanda mpaka ukabaki wa chembe kubwa kidogo kuliko sukari.

Mchanga mpya ulipoletwa aliupima. Aliufumba mkononi: ukishikana, una maji, urudi juani. Aliumwagia kikombe cha maji: ukifanya donge la kuchotwa kwa upawa, mzuri, ukiyaacha maji yaende mpaka chini, mbaya. Aliunusa. Kisha ndipo akavua kiatu. "Paka haijui choo kwa macho," alikuwa akisema. "Inajua kwa mguu. Mguu ikisema hapa, basi ni hapa mpaka ikufe."

Trei zenyewe alizikata kutoka kwenye madebe ya mafuta ya taa, akayapasua kwa urefu, akachemsha maji na majivu kuondoa mafuta, akakunja kingo kwa nyundo zisikate. Urefu hakuukisia. Alimlaza paka na kumpima kwa kamba kutoka pua mpaka ncha ya mkia, kwa sababu paka asiyeweza kugeuka ndani ya trei atageukia nje yake. Namba Nne alikuwa dume nene, na trei yake ilitengenezwa kwa madebe mawili yaliyoungwa kwa risasi ya kuyeyushwa. Trei zilikuwa tano, moja kwa kila paka na moja ya ziada, "kwa sababu hata sisi hapa laini tukiwa na choo moja asubuhi tunagombana." Kila moja ilikaa pembeni, mbali na sahani ya chakula, na haikuhamishwa. Mtu aliyeisogeza kwa fagio alisikia.

Sifa zake zilifika mpaka kwa memsahibu, mke wa meneja. Memsahibu alikuwa na paka wa Kizungu mwenye macho ya buluu, anayekojoa kwenye zulia la sebuleni. Karani aliitwa. Alikwenda na kofia mkononi, akakuta beseni la enameli lenye kina cha kuogea, limejaa majivu, limewekwa jikoni bega kwa bega na bakuli la maziwa. 

"Memsahibu," akasema, "wewe naweza kula kwa choo?"

Mpishi alituambia kwamba memsahibu alibadilika akawa mwekundu, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Beseni likabadilishwa na trei ya kuokea mikate, majivu yakabadilishwa na mchanga, ikapelekwa veranda ya nyuma, na zulia likapona. Tangu siku ile meneja alimsalimu Karani kwanza kabla ya kusalimiwa. Nasi tukajua tuna mtu mkubwa.

Mama yangu tu ndiye hakutishika. Nilipokwenda kumwona kijijini Sigowet nilimsimulia habari za trei, kamba na kiatu. Aliniangalia kama niliyerudi na homa.

"Baka kwenda choo kwa debe?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Huyo mtu yenu iko na kasi kweli?"

Paka wa mama alikwenda shambani kama paka wote wa Kipsigis, akafukia, akarudi. Nilimpelekea Karani maneno hayo nikitumaini atakasirika kidogo, maana nilipenda kumchokoza. Hakukasirika. Alifikiri, akachomeka penseli nyuma ya sikio. "Mwambie mama hiyo shamba yake ni trei," akasema. "Ni kubwa tu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakushindwa na neno. Na hapa nitaje kasoro yake, nisije nikaonekana namsimika mtakatifu. Karani hakuwa na neno "mimi". Ukimwomba gunia akikunyima alisema, "Stoo imekataa." Akichelewa asubuhi, "Stoo imechelewa kufunguliwa." Siku moja alikuwa na malaria, anatetemeka, meno yanagongana, nikamwambia aende zahanati. "Stoo inasikia baridi leo," akanijibu, akaendelea kuhesabu misumari. Tulicheka. Lakini nilikuja kugundua kwamba neno lile lilikuwa na faida yake. Sifa zilipokuja alizipokea yeye. Lawama zilipokuja ziliikuta stoo, na stoo ni mabati na mawe, haioni aibu.

Tena hakunywa chai. Miaka yote ile, kiwanda kizima kikinukia, yeye alikunywa uji kutoka kwenye chupa ya bia iliyofungwa kwa kigunzi cha hindi. Alisema pua yake ni chombo cha kazi.

Mwaka ule nilipomnyonyesha Chebet, mtoto wangu wa kwanza, Namba Moja naye alizaa, nyuma ya magunia ya posho. Watoto wanne. Karani akawapa namba kuanzia Tano hadi Nane, akaanza kufikiri. Watoto wa paka, aliniambia, si paka wadogo. Ni watu wengine kabisa. Miguu yao ni mifupi, kwa hiyo trei ya debe kwao ni ukuta. Akawachukulia vifuniko vya mikebe ya biskuti, vyenye ukingo usiozidi kiberiti kilicholazwa ubavu. Wanasahau njia, kwa hiyo akaweka vifuniko vitatu, kimoja kila walikopenda kuzunguka. Na wanatia kila kitu mdomoni. Mchanga wanaumeza. Majivu yanachoma ulimi. Kwa ajili yao akaongeza kipimo kingine: alichota kidogo kwa kidole akaweka kwenye ulimi wake mwenyewe.

"Kama mimi siwezi kuonja," akasema, "mtoto haiwezi kukanyaga." Nadhani ndiyo siku pekee nilimsikia akisema "mimi", na alikuwa anazungumzia ulimi.

Kisha akapata wazo lililomfurahisha kuliko yote. Nyuma ya chumba chetu cha kuchekecha yalitupwa makapi ya chai, zile nyuzi za kahawia, nyepesi kama pamba, zinazobaki baada ya majani mazuri kupita kwenye chekeche. Makapi ni makavu. Yanakunywa maji na kuyashika. Yanameza harufu, kwa sababu ni chai. Mtoto akiyala hayamdhuru. Ni laini. Na yalikuwa milima kwa milima, hakuna aliyeyataka. Yalifaulu kila kipimo, mkono, maji, pua, mguu na ulimi. Karani alinichukua mimi kuja kuona, nami nilisimama pale nimemfunga Chebet mgongoni, nikaona watoto wanne wa paka wakichimba makapi kwa vidole vyao vidogo, wakifukia kwa adabu kama wanafunzi wa misheni.

"Wazungu wenyewe hawajajua hii," akasema Karani.

Sikuona kosa lolote. Hakuna aliyeliona. Ni sisi tu, watu wa chai, tungeweza kulifanya.

Watoto walikua. Walipofika miezi mitatu walianza kutembea kiwandani, wakipita chini ya mlango wa mbao uliotenganisha stoo na chumba chetu. Na katika chumba chetu, kila jioni, chai iliyochekechwa ilirundikwa sakafuni kwenye saruji safi, vilima vya kahawia, laini, kavu, vikingoja kupakiwa asubuhi.

Jumatatu moja nyapara aliingia akasimama mlangoni akinusa. Na sisi tulinusa.  Rundo la pembeni lilikuwa linanuka mkojo, na rundo la pembeni lilikuwa karibu na meza yangu.

Sisi akina mama tulioruhusiwa kutoka saa nne kunyonyesha tulirudi kila mmoja na kitambaa cha mtoto begani. Nyapara alikuja moja kwa moja kwangu, akakichomoa kitambaa changu, akakinusa mbele ya watu wote. Bila shaka kilinuka. Mtoto gani hakojoi?

"Harufu imebatikana," akasema. "Huyu mama naleta nguo ya choo kwa chai."

Nilimwambia nguo ile haijawahi kutoka begani mwangu. Nilimwambia kwa Kiswahili, nikamwambia kwa Kipsigis, maana alikuwa mtu wa kwetu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hakutaka kusikia. Chai ya rundo lile ikatupwa. Jumanne harufu ikarudi, rundo lingine, karibu vile vile na meza yangu. Meneja akaja mwenyewe. Aliagiza kwamba Alhamisi asubuhi nirudishe kadi.

Mume wangu alikuwa amevunjika mguu kwenye lori la majani, yuko kitandani mwezi wa pili. Nyumba yetu kwenye laini ilikuwa ya kadi yangu. Kadi ikienda, nyumba inakwenda, na mume wangu hawezi hata kusimama kubeba godoro. Nilifanya kazi Jumatano nikiwa nimekufa ganzi. Niliyatazama majani yakipita kwenye chekeche na kujiambia kwamba kesho yatapita mbele ya mwingine. Nililia, na sioni haya kusema, nililia nikiwa nimeinamia meza ili machozi yasiingie kwenye chai, maana nayo wangesema ni yangu.

Karani alikuwa upande wa pili wa ukuta. Jumatatu alikuja mlangoni, akanusa mara moja, akarudi. Jumanne hakuja kabisa. Pua ile. Mimi sikuifikiria wakati ule, lakini niliifikiria baadaye, kwa miaka mingi.

Alhamisi asubuhi nilifika ofisini na kadi yangu mkononi, Chebet mgongoni. Meneja alikuwa mlangoni na nyapara. Tukamwona Karani anakuja kutoka stoo, anatembea taratibu, amebeba sanduku lenye watoto wanne wa paka, na juu ya sanduku vifuniko viwili vya biskuti vikipigana kama sahani za ngoma. Alitandaza gunia pale kwenye saruji. Akaweka kifuniko kimoja chenye mchanga wake mzuri wa mto. Akaweka cha pili, chenye chai. Si makapi. Chai safi, ya kunywa, aliyoipata kwenye chumba chetu kabla hatujafika.

"Bwana," akasema, "ngojea kidogo."

"Mimi hapana iko na saa ya mchezo," akasema meneja.

"Si mchezo. Ni ushahidi."

Aliwafungulia. Walikuwa wamefungiwa tangu jioni, na walikuwa na haja. Namba Nane, jike dogo la rangi ya mkate, alitoka wa kwanza. Alikanyaga mchanga, akatikisa mguu kama aliyekanyaga kitu cha aibu, akaenda kwenye chai. Akachimba. Akageuka. Akachuchumaa akiwa anamtazama meneja usoni, akamaliza, akafukia vizuri sana, na harufu ikapanda pale pale mbele yetu, ile ile. Wengine watatu wakapanga foleni nyuma yake.

 Nyapara aliangalia viatu vyake. Meneja alivua kofia, akajikuna, akamgeukia Karani.

"Nani nafundisha hii paka kwenda choo kwa chai?"

Karani alisimama wima, penseli nyuma ya sikio.

"Stoo, bwana," akasema. "Stoo ilifundisha."

Nikarudishiwa kadi. Kitambaa changu pia nikarudishiwa, na nyapara, nikiri hivyo, alikikunja kabla ya kunipa. Lakini meneja aliamuru paka wale wanne wamalizwe. Karani akaomba mwezi mmoja. Sijui alimwambia nini huko ndani ya ofisi, ila naamini zulia la memsahibu lilikumbushwa. Akapewa mwezi: atakayerudi kwenye mchanga atabaki, atakayekataa atapigwa risasi na askari wa kiwanda.

Aliwafungia watoto ndani ya banda la fundi, mbali na chai, akawafundisha upya. Hakuyaondoa makapi kwa siku moja. Siku ya kwanza alitia ngumi moja ya mchanga ndani ya makapi. Siku ya tatu ngumi mbili. Alinionyesha, kwa sababu nilikwenda kila siku saa nne baada ya kunyonyesha. Nilikuwa na deni la heshima kwa paka wale, na kwake pia, au hivyo nilivyofikiri. Mguu, alisema, unadanganywa polepole tu. Wiki ya nne Namba Tano, Sita na Saba walikuwa wanachimba mchanga mtupu. Namba Nane aliukanyaga, akautikisa mguu, akajizuia tangu asubuhi mpaka jioni, kisha akaenda kuchuchumaa kwenye kofia ya fundi, iliyokuwa na makapi mawili matatu yaliyopeperuka ndani.

Mwezi ukaisha. Ijumaa Karani alipita mlangoni kwetu akasema Namba Nane amemalizwa. Uso mkavu. Nilimwambia pole, akasema stoo haina pole. Nilimkasirikia kwa neno lile muda mrefu. Nilifikiri, huyu mtu amemwacha paka afe kwa kosa lake mwenyewe, na bado hawezi kulitamka.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine sita. Aliendelea kuvua kiatu. Nilimpelekea mursik, maziwa yetu ya kibuyu, nilipotoka nyumbani, akamtengenezea Chebet sanduku la vitabu kwa debe, kingo zimekunjwa. Mambo ya Alhamisi ile hatukuyataja hata mara moja. Alipostaafu hakurudi Maragoli. Alipata kipande cha shamba nje ya Silibwet, akaenda huko na mkewe, na mke akafariki mwaka wa pili.

Chebet alikuwa amemaliza darasa la saba nilipopata habari kwamba miguu ya Karani imekataa. Nilikwenda kumwona. Nilibeba kilo mbili za chai nzuri kwenye mfuko wa karatasi, si kwa ajili yake, maana najua hanywi, bali kwa wageni wake. Nilimkuta amekaa kwenye kiti karibu na mlango, fimbo mbili zimeegemea ukuta, bado amevaa kaki. Alinijua kabla sijavuka kizingiti.

"Mama Chebet. Karibu ndani. Usinihesabu mwenye adabu mbaya, mimi siwezi kusimama bila hizi fimbo."

Nilisikia lile "mimi", nikalipita. Tulisalimiana, tukauliziana watu, waliokufa na waliohama. Macho yalipozoea giza la chumba nikaona kwamba kwenye kiti cha pili, juu ya mto uliofumwa na marehemu mkewe, amelala paka. Ndani ya nyumba. Paka mzee, rangi ya mkate. Na kwenye kona, mbali na sahani ya chakula, trei ya debe iliyokunjwa kingo vizuri, imejaa makapi ya chai.

Nilimtazama yule paka, nikamtazama Karani.

"Askari wa kiwanda alinipa yeye," akasema. "Nikamficha kwa kaka yangu huko Sigor mpaka nimestaafu. Dereva wa lori ananiletea makapi kila mwisho wa mwezi, gunia moja." Akamwelekezea kidole. "Anaitwa Shahidi."

Jina. Shahidi aliamka, akajinyoosha, akashuka. Alipita mbele ya trei yake bila kuitazama. Alikuja mpaka kwenye mfuko wangu, niliouweka sakafuni karibu na mguu wangu, akanusa karatasi, akaanza kuichana kwa makucha, polepole, kwa adabu.

Karani alisimama. Fimbo zilibaki ukutani. Alivuka chumba kwa hatua tatu, akamnyanyua paka kutoka kwenye chai yangu, akabaki amesimama pale katikati anatetemeka miguu yote miwili, amemkumbatia Shahidi kifuani. Nilimshika kiwiko nikamrudisha kitini. Nilikuwa nacheka, na nilipoona hacheki nikaacha.

"Hata chai ya mgeni," akasema. "Haachi."

Sijui kilichonituma. Nilimwuliza kwa sauti ya meneja, kama tulivyokuwa tukimwigiza zamani. "Nani nafundisha hii paka?"

Alimpapasa paka kichwani.

"Mimi," akasema. "Ni mimi, Mama Chebet. Na Jumatatu ile niliponusa nilijua. Jumatatu nilijua, Jumanne nilijua, Jumatano nilikusikia unalia kwa ukuta. Nikanyamaza siku tatu nzima kwa sababu ya jina yangu na paka zangu. Wewe ulikuwa na mtoto mgongoni."

Shahidi alianza kukoroma. Niliokota mfuko wangu, nikakunja pale palipochanika, nikauweka juu ya kabati.

"Nilijua, Karani," nikamwambia. "Nilijua tangu miaka ile."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa naingoja stoo iseme."